Kidoti cha Rangi ya Chungwa

Mtaa mzima ulimwita Mawingu, na jina lenyewe lilianza kama kejeli.

Kompyuta ilipoingia studio kwa mara ya kwanza, ilikuja na mbingu kumi na mbili ndani yake. Zilikuwa picha za anga tupu, zilizopigwa na watu wasiojulikana mahali pasipojulikana, ili fundi akiletewa picha yenye anga bovu aliondoe na kuweka moja kati ya hizo. Katika zote kumi na mbili, wateja walipenda moja tu, ya saba, buluu ya kupendeza yenye wingu jeupe la umbo la kiatu cha kisigino kirefu. Fundi, ambaye hakujua kumkatalia mtu, aliwapa wote hiyo hiyo. Aliyeolewa mwezi wa nne akaolewa chini ya kiatu. Aliyehitimu masomo mwezi wa kumi na moja akahitimu chini ya kiatu. Hata timu ya mpira iliyofungwa mabao saba ilisimama ikitabasamu chini ya kiatu.

Siku moja wanawake wawili wakakutana kwenye benchi la mapokezi, kila mmoja na bahasha yake, wakaonyeshana.

"We! Mbona kiatu changu kiko kwenye harusi yako?"

"Changu ndicho cha kwanza, shoga. Wewe umeazima."

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kufikia jioni fundi alikuwa na jina jipya, na jina likamganda.

Alikuwa mtu wa aibu. Alimaliza darasa la saba, akaingia studio hiyo hiyo ndevu hazijamtoka, kazi yake ikiwa kusuuza picha kwenye beseni ndani ya chumba cha giza. Mwenye studio wa wakati huo, mzee mkali mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa, ndiye aliyemfundisha kwamba anga ni gumu kuliko uso. Kwenye picha nyeusi na nyeupe anga lilitoka tupu kama shuka lililofuliwa. Ukitaka wingu lionekane, ilibidi uipe karatasi mwanga zaidi upande wa juu huku ukiwafunika watu kwa kiganja, ukitikisa mkono polepole ili mpaka usionekane. "Usiunguze kichwa cha mtu kwa ajili ya wingu," mzee alikuwa akimwambia. Mzee alishafariki, vidole na ukali wake vikaenda naye, na studio ikabaki kwa binti yake, ambaye watu walimwita Mama Picha. Mama Picha alikaa mbele na wateja, kwenye taa na mapazia. Mawingu alikaa nyuma, kwenye kompyuta, printa na feni iliyolia kila ilipogeukia kushoto. Hapo nyuma hakuna aliyemtazama usoni, naye aliridhika.

Kubadilisha anga ni kazi ya mpaka. Unaikuza picha kwenye kioo cha kompyuta mpaka bati la paa linakuwa ngazi ya vijisanduku, kisha unalifuata taratibu kwa kipanya, kipande kwa kipande, huku anga la juu ukilifunika na paa la chini ukiliacha wazi. Mafundi wa kazi hiyo huita kifuniko hicho maski. Paa ni rahisi. Majani ya mti yanakera. Nywele za mtoto wa kike aliyefumuliwa asubuhi hiyo zinaweza kukutoa machozi. Ukikosea kidogo, mtu anabaki na mstari mweupe kichwani kama uzi wa kushonea, na kila atakayeitazama picha atajua pana uongo ingawa hatajua uko wapi. Kisha kuna kivuli. Huwezi kumpa mtu jua la kushoto wakati kivuli chake kimelala kushoto. Mawingu aliyajua hayo yote, na kwenye mambo hayo, huko nyuma peke yake, hakuwa na aibu hata chembe.

Baada ya kisa cha kiatu alianza tabia moja ambayo hakumwambia mtu. Kila alipoondoa anga la mteja, hakulitupa. Alilihifadhi kama lilivyokatwa, na kingo zake zote za mapaa na miti, kwenye jalada aliloliita Mbingu, na jina la faili likawa tarehe na neno moja: "mvua karibu", "saa nane kavu", "vumbi", "baada ya radi". Mwanzoni alijiambia kwamba anakusanya mbingu za kuwagawia wateja wengine, ili mtu na jirani yake wasivae kiatu kimoja. Na kweli aligawa. Lakini alizokusanya zilizidi sana alizogawa. Ukweli ni kwamba mtu aliyewahi kutoa wingu kwa kiganja chake anaona vibaya kulitupa.

Mama Picha hakujua. Sheria yake ilikuwa moja: kazi ikishachukuliwa na mwezi ukapita, hubaki picha iliyokamilika tu, ile ya awali inafutwa. "Kompyuta si stoo," alikuwa akisema. Miezi minne kabla ya siku ninayoielezea, kompyuta ilipoanza kukwama, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mawingu, hilo jalada kubwa ni la nini? Linakula nafasi kama mgeni asiyeondoka."

"Ni... ni vitu vya zamani, Mama."

"Futa."

"Nitafuta, Mama."

Na akafuta, ila kabla ya kufuta alizihamishia mbingu zake zote kwenye flashi ndogo nyeusi, akaitia mfukoni kama mwizi.

Asubuhi ya siku yenyewe mwanamke mmoja aliingia na fremu kubwa iliyofungwa kwenye khanga. Nyuma yake alifuata mwanamume mwenye shati la mistari, akizungumza kabla hata hajavuka kizingiti.

"Mama Picha, sisi hatujaja kugombana. Mimi ndiye niliyeleta picha, lawama zote nipeni mimi. Nilitaka kumfurahisha shemeji yangu, basi."

"Shemeji, nyamaza kwanza," mwanamke alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu asiyelala vizuri siku nyingi. Akafungua khanga, akaiegemeza fremu kwenye meza.

Mawingu aliiona kupitia upenyo wa pazia, akaikumbuka papo hapo. Watoto watatu uani, mkubwa wa kike na nywele zake za matata, beseni la maji miguuni, nyuma yao mapaa. Juu, anga la buluu nyororo bila kiatu. Aliionea fahari ile kazi. Aliifanya miezi mitano iliyopita. Nywele peke yake zilimchukua siku nzima.

"Nani aliyeisafisha?" mwanamke aliuliza.

Mama Picha akageuka. "Mawingu! Njoo."

Akatoka, macho kwenye vidole vya miguu.

"Kaka, sikuja kukulaumu," mwanamke alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Hapa nyuma ya paa hili kulikuwa na mnara wa simu. Uko wapi?"

"Niliuondoa, dada. Ulikuwa unakata anga. Wateja wengi huwa... hawapendi nguzo."

"Na juu ya mnara kulikuwa na kidoti. Rangi ya chungwa."

Mawingu akakumbuka. Alikuwa ameikuza picha, akakiona, akadhani ni taa ya mnara au uchafu wa lenzi. "Kilikuwepo," alisema.

"Ni mume wangu."

Feni ya nyuma ikageukia kushoto, ikalia.

Mwanamke akaeleza, na shemeji, kwa mara ya kwanza, hakumkatiza. Mumewe alikuwa fundi wa minara. Nyumbani ndiye aliyeshika simu ya kupigia picha kila mara, kwa hiyo kwenye picha za familia hakuwemo hata moja. Zilizopo ni za vitambulisho, amekodoa macho kama aliyeulizwa swali gumu. Siku moja alipangiwa kazi kwenye mnara unaoonekana kutoka uani kwao. Akawaambia watoto: nikifika juu nitawapungia, na mama yenu atupige wote. Wakajipanga. Mvua ilikuwa inakaribia, anga zito kama zege. Akafika juu na fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa, akapunga, mama akapiga. Hiyo ndiyo picha pekee waliyomo wote watano, maana hata mpigaji ncha ya khanga yake ilionekana pembeni mwa beseni. Mwaka haukuisha, homa ya siku nne ikamchukua.

"Nikasema nimwondolee huzuni," shemeji alisema, sauti imemwisha. "Nilichukua memori kadi bila kumwambia. Nikamwambia fundi, tia anga zuri kama la kalenda. Mimi nilijuaje kaka yangu yuko angani? Halafu kadi nikaitia kwenye simu yangu, ikaniambia iandaliwe upya, nikabonyeza ndiyo, picha zote zikafutika. Mimi kila kitu nabonyeza ndiyo."

"Nilipoitundika ukutani," mwanamke aliendelea, "mdogo akapanda kwenye kiti akaweka kidole pale pale alipokuwa akikiweka siku zote kwenye simu. Akakizungusha, akakizungusha. Kisha akaniuliza, 'Baba ameshuka?' Sasa kila siku anauliza atapanda tena lini. Kesho asubuhi tunahamia kwa mama yangu, mizigo iko tayari. Nimekuja kuuliza tu kama ile ya kwanza ipo. Kama haipo, niambieni haipo, nijue moja."

Mama Picha alimtazama Mawingu. Mawingu alitazama sakafu. Wote wawili walijua sheria ya mwezi mmoja.

"Mtupe mpaka saa kumi, dada," Mama Picha alisema haraka. "Tutatafuta."

Walipoondoka, alivuta pazia na kuingia chumba cha nyuma, jambo ambalo hulifanya mara chache kwa sababu ya ile feni. "Ipo?"

"Haipo, Mama. Ilifutwa."

"Basi sikiliza." Akashusha sauti. "Minara yote inafanana. Chukua mmoja, uupande hapo nyuma ya paa, utie anga la mvua, juu yake weka kidoti cha chungwa. Nani atajua? Wewe mwenyewe umeshawaweka watu nusu ya mji huu chini ya wingu wasilowahi kuliona."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma. Angeweza kuimaliza kabla ya saa sita, na ingetoka nzuri. Akaanza hata kuivuta picha kwenye kioo. Aliikuza pale kwenye beseni, akitumaini kwamba maji yalibaki na anga la zamani ndani yake, na kweli aliona ukungu wa kijivu, vijisanduku vitatu vinne, wala hakuna mnara. Akaikuza pale juu ya paa, buluu safi aliyoiweka mwenyewe. Akashika kipanya atie kidoti. Mkono ukagoma.

"Mama, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Mawingu aliachia kipanya. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumbishia Mama Picha hata kuhusu rangi ya chai. "Yule mtoto atakuwa anamsalimia mtu niliyemchora mimi," alisema. "Kila siku. Hata akiwa mkubwa."

Mama Picha akaegemea ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, "Sasa tutamwambia nini?"

Hapo ndipo alipolazimika kusema, na ilikuwa kama kuvua shati mbele za watu. "Lile jalada ulilosema nifute. Zilikuwa mbingu. Mbingu za wateja, zile ninazoondoa. Sikuzitupa. Nilizitia kwenye flashi."

"Zote?"

"Zote. Elfu moja na kitu."

"Mawingu! Elfu moja ya mawingu! Ya nini?"

Akakuna shingo.

"Na hiyo flashi iko wapi, wewe baba?"

Swali hilo ndilo lililomfanya ainuke kitini. Flashi ilikuwa kwenye redio ya mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa mitaa mitatu kutoka studio. Miezi miwili nyuma alilalamika kwamba redio yake imekosa nyimbo, na Mawingu, ambaye hakuwa na flashi nyingine, akamtilia nyimbo thelathini juu ya mbingu zake na kumpa. Alijua redio inacheza nyimbo tu, haisomi picha, kwa hiyo siri ilikuwa salama. Lakini njiani, akitembea kasi mpaka kandambili zinampiga visigino, alikumbuka jambo lingine. Wiki mbili zilizopita mkewe alimwambia, akichambua mchele, hana hili wala lile: "Ile flashi ilijaa, nikampa fundi simu aniongezee nyimbo." Imejaa, fundi simu anaongezaje? Anafuta. Na kama anafuta, anafuta nini kwanza kama si mawingu?

Alikisikia kibanda kabla hajakiona, maana wimbo ulikuwa umepamba moto. Ndani mkewe alikuwa kwenye cherehani, na wateja wawili wakisubiri kupimwa, mmoja akicheza kwa mabega. Mawingu aliingia bila salamu, akainama, akaichomoa flashi. Wimbo ukakatika mwimbaji akiwa ndiyo kwanza anapanda.

"Haa!" mteja aliyekuwa anacheza alisimama bega moja juu. "Shemeji, mbona unatuua hivyo?"

"Mawingu leo kaleta radi," wa pili akadakia.

Mkewe alitoa mguu kwenye pedali. Alimjua mumewe; mtu huyu akiingia mahali huomba radhi hata kwa mlango. "Baba, kuna nini?"

"Fundi simu," alihema, "alifuta nini humu?"

"Alifuta nyimbo ambazo sizipendi. Kwa nini?"

"Nyimbo tu?"

Mkewe akachukua kitambaa alichokuwa akishona, akakikunja taratibu juu ya goti kama anayetafuta la kusema mbele ya wageni. "Aliniambia, 'Mama, humu kuna mapicha ya mawingu matupu, chungu nzima, ndiyo yaliyojaza. Niyafute?' Nikamwambia, gusa wimbo wowote unaotaka, lakini mawingu ya mume wangu yaache kama ulivyoyakuta."

"Ulijua?"

"Nimekaa na wewe miaka kumi na tisa, nisijue? Siku ukitoka kazini umeondoa anga zuri, huwezi hata kula."

Mawingu akakaa kwenye furushi la vitambaa vya watu, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Wateja wakacheka, lakini safari hii hakuona aibu. Au aliiona, ila haikuwa na uzito.

"Nenda basi," mkewe alisema. "Na wimbo wangu uurudishe."

Alirudi studio akiwa ameikamata flashi ndani ya ngumi. Mama Picha alikuwa amesogeza kiti cha pili mbele ya kompyuta. Jalada lilifunguka, na mbingu zikajipanga kwenye kioo, safu kwa safu, za alfajiri, za vumbi, za masika, nyingine zikiwa na vipande vya kingo za paa chini yake kama meno. Mama Picha aliziangalia zikipita, mdomo umefunguka kidogo. "Hiyo ni ya harusi ya binamu yangu," alisema ghafla. "Kumbe kulikuwa na ndege!"

Mawingu alitafuta tarehe. Akaikuta: "mvua karibu". Akaifungua.

Anga zito la kijivu, rangi ya zege mbichi. Chini, ukingo wa mapaa na nafasi tupu yenye umbo la vichwa vitatu, kimoja na nywele zake zote zimechorwa kwa kingo kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Na upande wa kulia, mwembamba kama sindano ya kufumia, mnara. Akaikuza. Akaikuza tena. Juu kabisa ya mnara kulikuwa na kidoti cha rangi ya chungwa, vijisanduku vichache tu, na kutoka ubavuni mwake, kuelekea juu, vijisanduku viwili vya rangi nyeusi zaidi.

"Huo ni mkono," Mama Picha alinong'ona.

"Ni mkono," alisema Mawingu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kurudi nyuma. Alilivua lile anga la kalenda, akaliweka la mvua mahali pake, na kwa kuwa lilikatwa kwenye picha hiyo hiyo kwa mkono huo huo, likakaa sawasawa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Kila unywele ulikuta nafasi yake inausubiri. Lakini nyuso zilikataa. Miezi mitano iliyopita aliwang'arisha watoto ili wafanane na jua, na sasa walikuwa wakimeremeta chini ya mawingu kama wamepakwa mafuta. Ikabidi awapunguzie mwanga kidogo kidogo, autoe umanjano kwenye mashavu, awarudishie kijivu cha siku yenyewe. Alipomaliza, watoto walikuwa na sura ya watoto walioambiwa wasimame vizuri na mvua inakuja. Ilikuwa picha ya kawaida kabisa. Mteja yeyote mwingine angeomba ibadilishwe anga.

Saa tisa na nusu printa iliitema, ikanuka wino mbichi. Saa kumi mwanamke alifika, na shemeji, na safari hii mtoto mdogo alikuwa mgongoni mwa shemeji, amelala, mate yamelowesha shati la mistari.

Mama Picha alimsukuma Mawingu mbele kwa kiwiko. Mawingu akaiweka picha mezani chini ya taa, akarudi hatua mbili.

Mwanamke aliinama. Hakukitafuta kidoti, jicho lilikwenda pale pale moja kwa moja. Akaziba mdomo kwa kiganja. Alipoondoa kiganja alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtiririka.

"Umemtoa wapi?"

"Hakuondoka, dada. Nilikuwa nimemweka pembeni."

"Fundi, unaweza kumkuza?" shemeji akadakia. "Mkuze kidogo, uso uonekane."

"Nikimkuza atapotea," Mawingu alisema. "Atabaki vijisanduku."

"Usimkuze," mwanamke alisema. "Alikuwa mbali hivyo hivyo."

Mtoto aliamka kwa sababu ya sauti. Shemeji akamshusha juu ya meza, na mama yake akamwonyesha picha bila kumwambia neno. Mtoto akasugua jicho moja kwa ngumi. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya mnara, akakibonyeza kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Baba amepanda," alisema, kama mtu anayetoa taarifa, kisha akaomba maji ya kunywa.

Mama Picha ndiye aliyelia zaidi. Alisema ni wino wa printa unaomwasha macho. Shemeji alimshika Mawingu mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kama anavuta maji kisimani. "Fundi, mimi kuanzia leo sibonyezi ndiyo. Nikiulizwa na simu, nauliza watu kwanza." Mwanamke aliomba nakala tatu, moja kwa kila mtoto, na Mawingu akampa pia picha yenyewe kwenye memori kadi mpya, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: USIFUTE.

Walipokwisha kwenda, Mama Picha alikaa kwenye stuli ya wateja, viatu amevivua.

"Hilo jalada," alisema.

"Nitaliondoa, Mama. Nitabaki nalo kwenye flashi."

"Nani kasema uliondoe? Lirudishe kwenye kompyuta. Kompyuta ikijaa tutanunua nafasi nyingine." Akaanza kuvaa viatu. "Na ile ya harusi ya binamu yangu unipe. Ile yenye ndege. Siku ile nilikuwepo, na sikumwona."

Akazirudisha zote, moja baada ya nyingine, akitazama mstari wa kijani ukijaa. Kisha akachomoa flashi, akafunga mlango wa nyuma, akaelekea kwa mkewe. Safari hii hakukimbia. Wateja walikuwa wameondoka, na mkewe alikuwa anafagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani. Mawingu akaichomeka flashi kwenye redio, akasimama pembeni. Wimbo ukaanza upya, tangu mwanzo.

"Wingu ulilolitafuta lilikuwepo?" mkewe aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Alikuwepo," alisema Mawingu, akauchukua ufagio mikononi mwa mkewe.